Mteremkoni: Kushusha Gia au Kuweka Fri?

SWALI

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kiboswa. Nina Probox ya gia za mkono ambayo ninaiendesha karibu kila siku hadi Kisumu mjini. Mjomba wangu, aliyeendesha matatu kwa miaka mingi, hunihimiza niweke gia fri, yaani nitoe gari kwenye gia zote, mara tu mteremko wa kuelekea Mamboleo unapoanza, ili niokoe petroli. Mwalimu aliyenifunza udereva alinielekeza kinyume: kila ninapopunguza mwendo nishushe gia moja baada ya nyingine, kutoka ya tano hadi ya pili, hata ninapokaribia tuta kwenye barabara tambarare. Ni yupi kati yao anayesema kweli, na ni njia ipi itakayoniharibia gari?

JIBU

Ndugu msomaji, nianze na mteremko, kwa maana hapo ndipo jibu linapogusa maisha yako na ya abiria wako: usiweke fri. Chagua gia kabla hujaanza kuteremka, acha injini ilizuie gari, na breki uitumie kwa vipindi kurekebisha mwendo. Kuhusu barabara tambarare, sikubaliani kikamilifu na mwalimu wako, nami nitaeleza kwa nini.

Ushauri wa mjomba wako haukutoka hewani. Katika magari ya zamani ya kabureta, yaliyochanganya petroli na hewa bila kompyuta, injini iliyozungushwa na magurudumu kwenye mteremko iliendelea kufyonza petroli kadiri ilivyozunguka, kwa hiyo dereva aliyeiacha itulie kwenye mizunguko 800 kwa dakika alikuwa akiokoa kitu. Probox, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2002, ina injekta, vinyunyizio vya petroli vinavyoongozwa na kompyuta. Ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, na injini ikiwa juu ya mizunguko 1,500 hivi, kompyuta hutambua kwamba nguvu haihitajiki na huzifunga injekta. Injini huzungushwa na magurudumu bila kunywa hata tone. Mizunguko ikikaribia 1,000, injekta hufunguka tena ili injini isizime. Ukiweka fri, magurudumu hayaisaidii tena, na ni lazima ijizungushe kwa petroli yake yenyewe, kiasi cha kati ya nusu lita na lita moja kwa saa.

Ni haki nikiri kwamba ipo miteremko myepesi ambapo gari lililo kwenye gia hupoteza mwendo mpaka ukanyage mafuta tena, na hapo fri ingekusogeza mbele kidogo kwa gharama ndogo. Mteremko wako si wa aina hiyo. Na hata ungekuwa wa aina hiyo, unachookoa ni petroli ya kupimwa kwa vijiko, ilhali unachokiweka rehani ni uwezo wako wa kulidhibiti gari.

Sababu kubwa kuliko zote ni joto. Gari na abiria wake wakiwa na uzito wa kilo 1,500, kushuka mita 300 kwa wima hutoa nishati ya jouli milioni 4.4 hivi. Kulisimamisha gari hilo hilo kutoka kilomita 80 kwa saa hutoa jouli 370,000 hivi. Mteremko huo mmoja, basi, ni kama kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa karibu mara kumi na mbili mfululizo, bila breki kupewa nafasi ya kupoa. Upepo na matairi hula sehemu ya nishati hiyo, lakini kwenye fri yote inayobaki huangukia pedi za mbele na ngoma za nyuma. Gari likiwa kwenye gia, injini hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo, kwa sababu pistoni zinavuta hewa kupitia mlango wa hewa uliokaribia kufungwa kabisa na hivyo kuyakokota magurudumu kwa nyuma.

Hapa Nakuru huwa tunaletewa magari yaliyoteremka kutoka Sachangwan hadi Salgaa kwa fri. Ukifungua gurudumu la mbele unakuta diski imepata madoa ya samawati na zambarau, kama chuma kilichotoka kuchomelewa, na uso wa pedi, ambao ungepaswa kukwaruza kidogo kama msasa uliotumika, umekuwa laini na unang'aa kama kioo. Ukipitisha ukucha, unateleza. Pedi ya namna hiyo haishiki hata kama bado ni nene. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka: mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishajaa unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mafuta hayabanwi, ila mvuke hubanwa. Yakichemka, pedali huzama hadi sakafuni na gari haliitikii. Dereva aliye kwenye fri hukumbuka gia wakati huo, mwendo ukiwa umeshapita kilomita 90, na gia ya tatu hulia kwa kishindo na kukataa kuingia. Hofu yangu juu ya fri iko katika dakika hiyo.

Wapo wanaozima na injini pia. Hilo lisifanywe hata mara moja, kwa kuwa busta ya breki, kifaa kinachosaidia mguu wako kukanyaga, hutegemea ombwe (mfyonzo wa hewa) linalotengenezwa na injini. Baada ya kukanyaga mara chache pedali huwa ngumu kama jiwe, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Kwa mteremko wako, ingia gia ya tatu ukiwa bado juu, mwendo ukiwa umeshapungua. Gari likiendelea kujiongezea mwendo, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka mwendo ushuke, achia pedi zipate hewa, kisha kama bado linakusukuma, ingia ya pili. Usiuweke mguu juu ya breki njia nzima. Mlio wa injini huwatisha wengi, lakini mizunguko 3,000 au 3,500 ni kazi ya kawaida kwa injini hiyo, na kama dashibodi yako haina mshale wa mizunguko, sikio lako litazoea upesi.

Sasa tambarare. Mwalimu wako alitaka uwe daima katika gia inayolingana na mwendo, na nia yake ni njema. Lakini kila unaposhusha gia, sahani ya klachi husuguana ili kuiinua injini ifikie mwendo wa magurudumu. Kufanya hivyo mara tatu kwa kila tuta, wakati breki ingemaliza kazi yenyewe, ni kuchosha kitu cha ghali ili kutunza cha rahisi: pedi hubadilishwa kwa muda usiozidi saa moja, ilhali kufikia klachi ni lazima giaboksi ishushwe. Tena, ukipunguza mwendo kwa gia peke yake, taa za breki haziwaki, na mwenye bodaboda aliye nyuma yako hajui kwamba unasimama.

Ondoa mguu kwenye mafuta mapema, ukiwa bado kwenye gia ya nne au ya tano, kisha kanyaga breki. Mwendo ukifika kilomita 20 au 25 kwa saa, kanyaga klachi na uingie moja kwa moja ya pili. Kuruka gia si kosa. Unaposimama kabisa, klachi ikanyagwe mwishoni, injini inapokaribia kutetemeka. Kuikanyaga tangu mita mia moja ni fri kwa jina jingine, na huichosha beringi ya klachi.

Mvua inaponyesha, hasa kwenye murramu, achia klachi polepole baada ya kushusha gia, na uguse mafuta kidogo ili injini isikamate kwa ghafla. Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele. Yakikamatwa ghafla kwenye utelezi, usukani haukutii. Kwa matatu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ni mkia unaoyumba.

Ikiwa umeteremka kwa fri miezi hii yote, mwombe fundi wako afungue magurudumu ya mbele wiki hii. Pedi zikiwa zinang'aa, zibadilishwe zote nne pamoja, na mafuta ya breki yamwagwe yote na kutiwa mapya ikiwa yamezidi miaka miwili.