Hasira Zako Zinachelewa Kufika Bungeni

Kila Juni, bajeti ikishasomwa, simu yangu haitulii. Vijana wenzangu wa Dodoma mjini wanaanza: wabunge wamenunuliwa, nchi ni ya wenye makampuni, mle ndani hatuna mtu. Mimi nilikuwa kinara wa kelele hizo. Nina ekari moja na nusu ya zabibu huku Mpunguzi, na siasa zangu ni za mrengo wa kushoto, wala sioni haya. Babu alinilea kwa Azimio la Arusha la 1967, lile lililomkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni yoyote. Masharti hayo yalilegezwa na CCM kwenye kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991. Babu akitaka kulisema hilo, anaweka kwanza kikombe chini.

Ninalokushauri leo nililijua siku nilipoacha kupiga kelele nikaenda mwenyewe.

Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaobeba mabadiliko ya kodi ya bajeti, ukifika kwenye kamati, Bunge hutangaza kualika maoni ya wadau. Siku zenyewe ni chache. Nililiona tangazo kwa bahati, asubuhi nikapanda daladala na karatasi mbili nilizoandika usiku kwa mkono. Hoja yangu ilikuwa ushuru wa bidhaa kwenye mvinyo. Mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru mdogo kuliko ule unaotegemea zabibu za nje. Mstari huo mmoja wa jedwali la ushuru ukiguswa, mchuzi wetu wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, unaweza kulala kwenye tangi mpaka msimu mwingine.

Mbele yangu aliketi kijana wa kampuni moja ya vinywaji, siitaji. Kabrasha lake lilikuwa na jalada la plastiki na vibandiko vya rangi pembeni. Nikachungulia. Ndiyo, nilichungulia. Ukurasa aliofungua haukuwa na lalamiko hata moja, ulikuwa na safu tatu tu: kifungu kilivyo sasa, kisomekeje, na serikali itaingiza nini. Mbunge akitaka kupeleka jedwali la marekebisho, yaani maandishi ya kuomba kifungu kibadilishwe, hapo kazi imeshaisha. Karatasi yangu ilianza hivi: "Sisi wakulima tumeonewa kwa muda mrefu."

Zamu yangu ilipofika nikaongea, tena kwa uchungu. Mheshimiwa mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa ndugu, unataka kifungu kisomekeje?"

Sikuwa na jibu.

Sisemi rushwa haipo, mimi si mtoto. Mahakama Kuu ilibatilisha takrima, ule ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, na kila uchaguzi bado tunaulizana pilau hili kalipia nani. Lakini bahasha inapita gizani, mimi na wewe hatuioni. Kabrasha linaingia mlangoni mchana kweupe, na kiti cha pembeni yake siku ile kilikuwa kitupu. Kilikuwa chetu.

Kwa hiyo usisubiri hotuba ya bajeti. Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla ya Juni, na makampuni huandika wakati huo, sisi tukiwa bado shambani tunapogoa. Chagua jambo moja, siyo kumi. Lipitisheni kwenye AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, ili barua iwe na muhuri, maana mtu mmoja mwenye hasira ni rahisi kumshukuru na kumsahau. Ukikwama kwa takwimu, omba kwa maandishi: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 30. Na mtafute mtu anayejua kuandika kisheria. Kwetu alikuwa binti wa jirani, yuko mwaka wa tatu chuoni, alilipwa chakula cha mchana na zabibu.

Mwaka uliofuata tulikwenda wanne, na karatasi moja yenye safu tatu. Tulichoomba hatukukipata chote. Ila kamati iliomba nakala za wajumbe, na sisi tulikuwa na hiyo moja tu, ikabidi nitoke mbio juani kutafuta steshenari. Wewe beba kopi 20, na ubane kwa stepla kabisa.