Talaka, mali na watoto ni maswali matatu tofauti: mashauri ya ndoa katika mahakama ya mwanzo

Ndugu yetu ameeleza kwamba mke wake aliondoka nyumbani na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa. Kwamba anazo jumbe za simu zinazoonyesha uhusiano wa mke huyo na mwanamume mwingine. Na kwamba baraza la kata limempa barua inayotamka kuwa ndoa yao imevunjwa. Anauliza kama hayo yanatosha kumpatia talaka na kumrudishia watoto. Nimewahi kuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la kata, na baadaye nilimsindikiza dada yangu katika shauri lake la ndoa mahakama ya mwanzo, tangu alipofungua madai hadi hukumu ilipotekelezwa. Nitazungumzia Tanzania Bara pekee, kwa kuwa Zanzibar ina utaratibu wake na Mahakama za Kadhi.

Jibu fupi ni kwamba hayatoshi. Shauri la ndoa hubeba maswali matatu, yaani kama ndoa imevunjika, mali igawanywe vipi, na watoto wakae na nani, na kila swali lina ushahidi wake. Watu wengi niliowaona wakishindwa walikuwa na ushahidi mzito wa swali moja, wakategemea uwajibie na yale mengine mawili.

Tuanze na barua, kwa sababu hapo ndipo mashauri mengi hufia. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka anayeomba talaka apeleke kwanza mgogoro wake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa, wala kugawa mali, wala kuamua nani alee watoto. Kinachotakiwa ni cheti, yaani ile Fomu Namba 3, kinachoeleza kwamba usuluhishi ulijaribiwa ukashindikana, na kwa mujibu wa kifungu cha 106 kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haichukui nafasi yake, na muhtasari wa kikao cha ukoo hauwezi pia, hata kama kikao kilihudhuriwa na wazee wote. Barua yako inayosema ndoa "imevunjwa" inaonyesha kwamba baraza lilitoa uamuzi lisiokuwa na uwezo wa kuutoa, nami nakushauri urudi ukaombe cheti sahihi kabla hujaenda kwa karani wa mahakama. Hakimu wa mwanzo anaweza kulipokea shauri bila cheti sahihi na hata kulitolea hukumu, kisha mahakama ya juu ikaja kuufuta mwenendo wote kwa sababu hiyo moja, na wahusika wakaanza upya huku watoto wakiwa wamekua.

Sheria inaruhusu kulipita baraza katika mazingira machache: mwenzi aliyekutelekeza na hujui aliko, mwenzi anayeishi nje ya nchi asiyetarajiwa kurejea ndani ya miezi sita, aliyeitwa barazani akakataa kwa makusudi kuhudhuria, aliyefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, au mwenye maradhi ya akili yasiyotibika. Mahakama pia inaweza kukubali sababu nyingine za kipekee, lakini ni lazima uzieleze na kuzithibitisha.

Kuhusu talaka yenyewe, mahakama hujiuliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi ni mojawapo ya mambo yaliyotajwa katika kifungu cha 107, pamoja na ukatili, kumtelekeza mwenzi kwa miaka isiyopungua mitatu, na mengineyo. Jumbe zako kwa hiyo zina nafasi, ila hakimu atazipima pamoja na historia nzima ya ndoa. Kukubaliana tu kwamba mmechokana hakutoshi. Bado ushahidi wa kuvunjika kwa ndoa lazima utolewe. Aidha, ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiombewi talaka bila kibali maalumu cha mahakama. Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu kuna jambo ambalo wengi hulipindua: sheria inaitambua talaka iliyotolewa kwa taratibu za dini kuwa msingi wa mahakama kutamka kuvunjika kwa ndoa pale inapotolewa baada ya baraza kuthibitisha kushindwa kupatanisha. Mume anayeandika talaka kwanza, kisha akakimbilia cheti, ameugeuza mpangilio huo.

Sasa watoto. Kifungu cha 125 kinaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote, kisha kinaiagiza mahakama izingatie matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto aliyefikia umri wa kuweza kujieleza kwa uhuru, na mila za jamii yao. Kinaweka pia dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, dhana ambayo inaweza kukanushwa kwa ushahidi, na hapohapo kinaitahadharisha mahakama juu ya madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakazia maslahi bora ya mtoto na uendelevu wa malezi yake, na inasisitiza ndugu wasitenganishwe. Kwa mtoto wako wa miaka minne, basi, unaanza ukiwa na mlima wa kupanda. Wa miaka tisa anaweza kuulizwa anapendelea kukaa wapi, na hakimu makini humuuliza akiwa mbali na wazazi wake, kwani mtoto aliyekaririshwa majibu hujulikana upesi.

Uzinzi wa mke haumfanyi kuwa mama mbaya mbele ya sheria, kama vile ulevi wa mume katika miaka ya mwanzo ya ndoa usivyomfutia ubaba wake leo. Hoja kwamba mahari ilitolewa na hivyo watoto ni wa ukoo wa baba niliisikia mara nyingi barazani, ikitolewa kwa sauti ya juu kabisa na mashemeji. Mahakama huisikiliza kama mila, lakini haiiachi ishinde ustawi wa mtoto. Kinachopimwa ni maisha ya kila siku: nani humwamsha na kumpeleka shule, nani hubaki naye anapougua, analala wapi, na wewe ukiwa kazini analelewa na nani. Katika shauri la dada yangu, mwalimu wa darasa aliyeeleza ni mzazi gani huitikia wito wa shule alisikilizwa kwa makini kuliko ndugu wote waliokuja kutusifu. Mahakama inaweza pia kuagiza taarifa ya uchunguzi kutoka kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye hufika nyumbani na kuzungumza na majirani. Mpokee kwa uwazi, wala usimwandalie maonyesho.

Usiende kuwachukua watoto kwa nguvu wakati shauri linaendelea. Omba amri ya muda ya kuwaona, na ukipewa siku, fika kwa wakati. Asiyekabidhiwa watoto hapotezi haki ya kuwatembelea, na wajibu wa baba wa kutoa matunzo haukomi kwa sababu watoto wanaishi kwa mama. Tuma fedha za matunzo tangu sasa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kwa kuwa baba anayedai malezi huku miezi imepita bila kutuma chochote hujibu swali gumu sana kizimbani. Amri za malezi na matunzo zinaweza kurekebishwa baadaye hali ikibadilika.

Juu ya mali nitasema machache, kwani hukuuliza, ila litakukuta. Kifungu cha 114 kinahusu mali iliyopatikana kwa nguvu za pamoja wakati wa ndoa, pamoja na ya mmoja wao iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa juhudi za mwenzake au za wote wawili. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi huhesabiwa kuwa mchango, kwa hiyo usimwambie hakimu kwamba mke "hakuchangia kitu" eti kwa sababu hakuwa na mshahara. Mgawanyo si lazima uwe nusu kwa nusu. Kila mmoja huthibitisha mchango wake. Nyumba iliyo kwenye kiwanja cha baba yako italeta mjadala wake, nawe andaa nyaraka na mashahidi mapema.

Waliouliza kuhusu kuishi pamoja bila ndoa wasome kifungu cha 160: waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke huchukuliwa kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata dhana hiyo ikikanushwa, mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na watoto.

Je, unahitaji wakili? Mahakama ya mwanzo huendesha shauri kwa Kiswahili, na mtu mwenye mpangilio anaweza kujisimamia. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa humo kabisa. Mabadiliko ya sheria yamewaruhusu pale shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi, yaani hakimu mwenye shahada ya sheria. Kama mali ni nyingi au mpinzani wako analo wakili, tafuta msaada. Usipokuwa na uwezo, wapo watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao humsaidia mtu bila malipo. Hukumu ikisomwa, omba nakala yake siku hiyohiyo, kwani muda wa rufaa una ukomo na nakala zinaweza kuchelewa. Na mwenzako akipuuza amri ya matunzo au ya kuwaona watoto, rudi mahakama ileile kuomba hukumu ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, ukiwa na orodha ya tarehe alizokiuka.