Maswali ya macho: mstari ukipinda, acha kubadili lenzi

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa wenye miwani ya minus kubwa, yaani wasioona vizuri mbali. Nimeyachagua makusudi.

Shikamoo daktari. Nina miaka 27, navaa minus 7.5 macho yote mawili. Tangu mwezi uliopita jicho la kushoto lina doa la kijivu katikati, na mistari ya vigae naiona imepinda. Duka la miwani wamenibadilishia lenzi mara mbili, hali ni ileile. Jicho si jekundu wala haliumi. (Nyegezi)

Marahaba. Usilipie lenzi ya tatu. Namba ya miwani ikibadilika unaona ukungu. Mstari ulionyooka hauoti kibyongo. Ukiona umepinda, shida iko kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kwa mwanamke kijana mwenye zaidi ya minus 6, kuna mambo mawili ya kutafutwa kwanza, na mara nyingi yanafuatana: uvimbe wa koroidi, yaani tabaka la mishipa ya damu lililo chini ya retina, na mishipa mipya inayoota mahali isipotakiwa.

Uvimbe wenyewe kwenye faili utaandikwa PIC, kifupi cha jina la Kiingereza punctate inner choroidopathy. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1984, kwa wanawake 10 wenye minus. Ni vidoa vidogo vya rangi ya maziwa na njano, kipenyo chake milimita 0.1 hadi 0.3, katikati ya sehemu ya nyuma, ndani ya jicho. Havileti wekundu wala maumivu, ndiyo maana anayekumulika kwa mbele tu atakwambia jicho ni zima. Vidoa hupoa vikaacha makovu. Kinachopofusha zaidi ni mishipa inayopenya kwenye makovu hayo na kuvujisha maji na damu chini ya sehemu unayosomea. Ikiwahiwa kwa sindano ya ndani ya jicho, jicho huokolewa. Ikiachwa miezi, linabaki kovu katikati, na kovu halina dawa.

Kwa hiyo ni wiki hii, si baada ya mshahara. Ukifika kwa daktari bingwa wa macho sema "mistari inapinda". Ukisema "macho yananisumbua" utapangwa foleni ya miwani. Utawekewa matone ya kutanua mboni, kisha picha ya OCT, inayoonyesha matabaka ya retina. Wakiongeza picha ya rangi, utadungwa dawa ya njano kwenye mshipa wa mkono. Ngozi itakuwa njano kidogo na mkojo rangi ya chungwa hadi kesho yake, usishtuke. Kabla ya kupanda daladala kwenda hospitali ya Bugando au kwingineko, piga simu uulize kama mashine inafanya kazi na kama bima yako inalipia kipimo hicho. Usije ukiendesha pikipiki: mboni iliyotanuliwa inakaa na mng'ao kwa saa kadhaa.

Huku unasubiri, chana karatasi ya daftari la hesabu la maboksi, weka nukta katikati, ishike umbali wa sentimita 30. Vaa miwani, ziba jicho moja, kodolea nukta, uangalie kama kuna boksi lililopinda au kupotea. Kisha jicho la pili, maana ugonjwa huu mara nyingi hushika yote mawili. Wengi hupima macho yote yakiwa wazi, na jicho zima linaficha aibu ya mwenzake.

Mimi mvuvi, minus 8. Ni mng'ao wa ziwa uliosababisha uvimbe nyuma ya jicho langu? (Ukerewe)

Hapana. Jua na mng'ao huchangia kinyama cha jicho, kile kinachoota mbele. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua vaa hata hivyo.

Juisi ya karoti itapunguza minus?

Haitapunguza. Kunywa kwa kiu.

Nimekutwa na uvimbe nyuma ya jicho. Badala ya dawa, daktari kanipima VVU, kaswende na TB, na picha ya kifua juu. Mume wangu ananiuliza nimefanya nini. (Kirumba)

Mwambie naye akapime. Daktari huyo anajua kazi yake; wa kuogopwa ni yule anayekuandikia prednisolone, vidonge vya steroid vya kutuliza uvimbe, dakika ya tano. Kaswende na TB vyote vinaweza kukaa kwenye koroidi na kujifanya ni uvimbe wa kawaida. Ukinywa steroid peke yake, siku chache utajiona nafuu, huku wadudu wanapata uhuru wa kusambaa. Kaswende ya jicho hutibiwa kama ya ubongo: penisilini ya mshipani siku 10 hadi 14. Sindano moja ya makalio haitoshi.

Ikiwa ni TB na umepewa pia prednisolone, daktari ajue kwamba rifampisini huipunguzia nguvu. Ethambutoli nayo inaweza kudhuru neva ya jicho. Rangi nyekundu ikianza kufifia, rudi haraka. Ulizia pia kipimo cha minyoo ya strongiloidi, maana kwa mtu anayetumia steroid huzaliana hadi kuua.

Prednisolone ni asubuhi, baada ya kula. Pima sukari na presha. Usiiache ghafla kwa sababu umeona vizuri.

Tangu juzi naona vumbi jeusi likielea na vimulimuli pembeni. Nitajie matone ninunue. (Sengerema)

Swali hili halichoki kurudi, na jibu halibadiliki: hakuna matone. Jicho la minus ni refu na retina yake imevutika; vimulimuli na vumbi la ghafla ni dalili kwamba huenda imechanika. Ikiwahiwa, tundu huzungushiwa leza. Pazia jeusi likianza kushuka, ujue retina inabanduka, na hapo ni upasuaji. Nenda leo. Kivuko si kisingizio tena, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 2025.

Na wauza duka la dawa waache kutoa deksamethasoni, matone ya steroid, kwa kila jicho. Kwa baadhi ya watu chupa hiyo hupandisha presha ya jicho kimyakimya, na neva ikifa hairudi.

Sindano ya ndani ya jicho inauma? Ni ngapi? (Buzuruga)

Unapewa ganzi ya matone, jicho linasafishwa kwa povidoni-ayodini asilimia 5, kisha sindano nyembamba inaingia kwenye weupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Unasikia kusukumwa. Dawa, kwa kawaida bevacizumab miligramu 1.25, ni tone tu: mililita 0.05. Hurudiwa baada ya mwezi, kisha OCT ndiyo inaamua. Kichupa kimoja hugawanywa kwa wagonjwa wengi, hivyo una haki ya kuuliza kiligawanywa wapi na lini. Kama una ujauzito, sema kabla.

Doa la damu kwenye weupe litaisha lenyewe. Usifikiche, usioge ziwani wiki nzima. Maumivu yakiongezeka na kuona kukipungua ndani ya siku za mwanzo, rudi hata kama ni usiku. Huenda vijidudu vimeingia.

Nikifanyiwa leza ya kuondoa miwani, hatari hizi zinaisha?

Leza hiyo inachonga konea, mbele tu. Jicho linabaki na urefu wake wa milimita 26 au zaidi na koroidi yake nyembamba, kwa hiyo kutanuliwa mboni kila mwaka kunaendelea. Na kama uvimbe bado haujatulia, anayekubali kukufanyia leza hiyo mkimbie.