Grisi ya godauni kwenye mashine ya alizeti: itoe kwa joto, mafuta ya taa yawe ya mwisho

Msomaji wetu wa Kibaigwa ametuandikia kwa uchungu. Kanunua mashine ya kukamua alizeti iliyokaa godauni miaka kadhaa bila kufunguliwa, kaiosha kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa, kakamua magunia ya kwanza, na sasa wateja wanamrudishia madumu. Mafuta yananuka. Anauliza kama mbegu alizouziwa zilikuwa za zamani.

Mbegu hazina kosa, dada. Grisi uliyoiona umeitoa. Usiyoiona umeilainisha kwa mafuta ya taa, ikajificha kwenye chemba, ile sehemu mbegu zinapokandamizwa, na mbegu za kwanza zilipopata joto vyote viwili vikatoka pamoja na mafuta yako. Kila msimu wa alizeti ukianza, kuanzia Kongwa hadi Singida na Iramba, malalamiko ni haya haya, na karibu kila mara chanzo ni dumu la mafuta ya taa lililofunguliwa mapema mno.

Tuanze na adui mwenyewe. Ile grisi ya kahawia iliyopakwa kiwandani ni nta na mafuta mazito ya petroli, ya kuzuia kutu baharini na stoo. Ni jamaa ya Cosmoline, ambayo jeshi la Marekani lilipaka bunduki zake kabla ya kuziweka ghalani. Ikiwa mpya ni laini, unaifuta kwa tambara. Ikikaa miaka, sehemu nyepesi zinaruka hewani, inabaki nta ngumu inayong'ang'ania kwenye pembe na nyuzi za bolti. Lakini hata ikikauka vipi, ina udhaifu mmoja: kwenye nyuzijoto 45 hadi 52 hivi huanza kuyeyuka. Asubuhi ya Juni Dodoma, chuma kikiwa baridi, unaweza kuikwangua saa nzima usifike popote. Saa saba mchana, chuma hichohicho kikiwa juu ya bati jeusi, inatiririka yenyewe. Kwa hiyo usianze asubuhi. Asubuhi ni ya kufungua.

Fungulia kwenye sakafu ya saruji au turubai safi, mahali penye ukuta wa kukinga upepo. Vumbi letu jekundu likishaingia kwenye grisi linakuwa msasa, na msasa huo utakula shafti. Kabla ya kulegeza nati ya kwanza, piga picha kwa simu pande zote. Zile nondo zinazounda ukuta wa chemba zina mpangilio, na shimu, vile vipande vyembamba vya kuachia nafasi kati yake, hazilingani unene: nafasi ya upande wa kuingilia mbegu si sawa na ya upande wa kutokea mashudu. Zipe namba kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea alama, nukta moja, mbili, tatu, upande usioguswa na mbegu. Alama ya kalamu itafutika kwenye maji ya moto. Shimu zitunge kwenye waya kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Anayezimwaga zote kwenye karai moja atalipa fundi siku nzima ya kubahatisha.

Grisi nene iondoe kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu. Bisibisi inaacha mikwaruzo, na kwenye mkwaruzo ndipo unga wa mbegu unapoanza kushika. Kisha panga vipande juu ya bati jeusi vikiwa vimeinama, chini yake weka karai, funika kwa nailoni nyeusi, viache kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Karibu nusu ya kazi itafanywa na jua, bure.

Wengine hukata kona kwa kutumia gesi ya kuchomelea. Usiruhusu. Skrubu, ile inayozunguka ndani ya chemba ikisukuma mbegu, na nondo zimepewa ugumu kwa moto kiwandani, na ukizipasha kupita kiasi ugumu huo unapotea. Mashine itakamua vizuri msimu mmoja halafu skrubu inaisha kama sabuni. Tena grisi hiyo ikishika moto inatoa moshi mbaya. Petroli nayo isikaribie kabisa, kwa sababu mvuke wake unatambaa chini mpaka unalikuta jiko la mkaa.

Sasa maji. Chukua nusu pipa, weka lita 20 za maji, pasha moto. Tia gramu 200 za magadi na gramu 100 za sabuni ya unga. Magadi hayageuzi grisi ya petroli kuwa sabuni, hilo linawezekana kwa mafuta ya kula tu. Yapo kwa ajili ya maji yetu ya kisima yenye chumvi, ambayo bila magadi yanaikataa sabuni. Kitu chochote cha alumini kiweke pembeni, magadi yanakila. Yakifika nyuzijoto 80 au 90, yaani yanatoa mvuke na vipovu vidogo lakini hayajachemka kwa nguvu, tumbukiza nondo, shimu na skrubu. Dakika 20 hadi 30. Sugua kwa brashi ya nailoni au ya nyuzi za shaba, ukiwa na glavu ndefu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Grisi iliyoyeyuka haipotei, inaelea juu. Ukichomoa nondo ukiipitisha kwenye utando ule, umeipaka upya, nyembamba, sawasawa, mpaka ndani ya kila mfereji. Kwanza engua utando wote kwa upawa, halafu pitisha karatasi au tambara juu ya maji mpaka yasioneshe rangi za upinde, ndipo utoe kipande. Maji ya kwanza yakishakuwa ya kahawia yabadilishe. Rudia kwa maji mapya yenye sabuni, na mara ya tatu maji matupu yaliyochemka. Chuma kinachotoka kwenye maji ya kuchemka kinajikausha chenyewe ndani ya dakika chache, na unakihitaji kikauke haraka, maana chuma kitupu na maji ya chumvi huota kutu unakiangalia. Kifute mara moja, kiweke juani.

Uliyoengua changanya na maranda ya fundi seremala, funga kwenye mfuko, peleka dampo. Usimwage korongoni; maji ya korongo ndiyo yanayoshuka kwenye visima vyetu.

Nyumba ya chemba yenyewe haiingii kwenye pipa. Imwagie maji ya moto kwa birika, isugue, imwagie tena, ukiwa umefunika upande wa gia boksi na beringi kwa nailoni na mpira wa baiskeli uliokazwa. Angalia sehemu nne ambazo mtu huzisahau: njia ya kii kwenye shafti, yaani mfereji wa kipande cha chuma kinachoifunga, nyuzi za koni ya kurekebisha unene wa mashudu, mfereji wa chini unaopeleka mafuta kwenye ndoo, na mshono wa hopa, pale pa kumiminia mbegu. Kijiti cha mshikaki kilichozungushiwa kitambaa kinafika kote huko.

Mafuta ya taa sasa. Yana kazi, ila nje: fremu, puli, bolti, ngao za mkanda. Kwenye mifereji ya puli ni lazima, kwa sababu grisi pale inafanya mkanda uteleze na kuungua. Mkanda wenyewe usiuguse nayo, mpira unavimba. Sabuni na maji vinatosha. Mota isiguswe na maji wala mafuta ya taa, tambara kavu tu. Thina itakutolea rangi ya mashine pamoja na grisi.

Kama kuna nondo yenye grisi iliyogeuka ngozi ngumu na maji ya moto yameshindwa, iloweke usiku kucha kwenye mafuta ya alizeti yaliyokwisha kukaangia. Mafuta yanaingia kwenye grisi na kuilegeza bila kuacha harufu ya taa. Kesho yake irudishe kwenye maji ya sabuni mara mbili.

Utajuaje kuwa ni safi? Macho hayatoshi. Nyunyiza maji safi juu ya chuma. Yakitandaa kama shuka moja, pamesafishika. Yakijikusanya kuwa matone, grisi bado ipo. Halafu pasha kipande juani mpaka kisishikike vizuri kwa mkono, kifute kwa kitambaa cheupe, ukinuse. Rangi ya kahawia au harufu ya gereji, rudi kwenye pipa. Ukiridhika, paka mafuta ya kula kidogo sana siku hiyohiyo, ufunge.

Beringi ni habari nyingine. Grisi iliyomo ndani ya beringi si ile ya stoo, isioshwe. Ya muhimu zaidi ni beringi ya msukumo iliyo nyuma ya shafti, inayobeba nguvu yote ya skrubu inapokandamiza mbegu. Ikiingiwa na mafuta ya taa inakauka na kufa mapema. Ifute nje, ongeza grisi ya lithiamu namba 2. Gia boksi ifungue bila kuamini maneno ya muuzaji. Nyingine husafirishwa tupu, nyingine zina mafuta ya kuhifadhia tu. Mwaga kilichomo, suuza kwa dizeli, acha ichuruzike vizuri, jaza oili ya gia namba 90 mpaka alama ya kioo. Mashine imezungushwa bila oili dakika kumi tu, na meno ya gia yamekwisha.

Ukishafunga, usikamue mbegu za kuuza. Chemba bado ina utando usioonekana, na utando huo una madhara mawili. La kwanza, la harufu, linajulikana. La pili halisemwi sana: mbegu inasukumwa mbele kwa sababu inashikwa na ukuta wa chemba wakati skrubu inazunguka. Ukuta ukiteleza, unga unazunguka pamoja na skrubu, hausongi, mafuta hayatoki, na mtu anaikaza koni akidhani ni legelege. Mota inaanza kulia. Ya kilowati 7.5 ikivuta ampea 15 imefika ukomo wake.

Dawa yake ni mashudu makavu. Tafuta kilo 50, changanya kilo 10 za mashudu kwa kilo 2 za mbegu ili yasikwame, koni ikiwa wazi kabisa. Lisha kwa konzi, si kwa debe. Yanayotoka yarudishe mara mbili tatu, kisha yatupe uweke mapya, maana ya kwanza yameshanyonya grisi. Endelea kwa muda wa saa tatu au nne, ukikaza koni robo mzunguko kila baada ya muda, mpaka chemba iwe ya moto na mashudu yatoke kama vigae vyembamba vyenye rangi moja, bila michirizi myeusi.

Mashudu hayo si chakula cha kuku wala ng'ombe, hata jirani akikuomba kwa upole. Na mafuta ya mwanzo si ya kuuza. Tunajua wapo wanaoyamimina kidogo kidogo kwenye pipa kubwa wakisema hayataonekana. Yanaonekana mtu anapokaangia mtoto wake maandazi. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lakini mteja aliyenusa taa kwenye dumu lako hasubiri mkaguzi, anahamia kwa jirani yako na anaenda kuwaambia wengine.

Kamua kilo 20 za mbegu safi zenye unyevu wa asilimia 6 hadi 8, pasha kijiko cha mafuta hayo kwenye sufuria, nusa. Yakinukia alizeti tupu, anza kazi. Yakinuka kitu kingine, kilo 20 nyingine.

Msimu ukiisha, usiiache mashine na mafuta ya alizeti kwenye chuma. Yanakauka kwa hewa na kuwa utando mgumu kama vanishi, mgumu kuutoa kuliko grisi ya kiwandani. Fungua, osha kwa maji ya moto na magadi, kausha, paka mafuta ya parafini yanayouzwa famasi kwa kunywa, funika kwa turubai. Mwakani maji ya moto mara moja yatatosha.