Fundi Nisaidie: Tairi limeisha upande mmoja, nani mwongo?

Wiki hii meseji karibu zote ni za tairi na cheni za pikipiki, nimechagua nne. Ile ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ugomvi wa namna hiyo nauona gereji kila siku ya Mungu.

Shikamoo fundi. Mi natumia Boxer, kazi yangu kubeba maziwa toka kijijini kwetu mpaka Mbalizi, galoni mbili kila asubuhi. Tairi la nyuma nimeweka jipya mwezi wa kwanza, saivi upande wa kulia kashata, yale meno ya tairi, zimeisha kabisa ila kushoto bado liko kama limetoka dukani jana. Fundi wangu kasema niliuziwa feki, nikarudi dukani, mwenye duka kasema pikipiki yangu ndo mbovu, tukagombana pale mpaka watu wakajaa. Nani mwongo kati yao? – Muuza maziwa, Mbeya

Marahaba mdogo wangu. Kwanza kamuombe radhi mwenye duka, maana kwa maelezo yako yeye ndo yuko karibu na ukweli. Tairi hafifu linaisha lote, au linavimba, au linachanika pembeni, ila halina akili ya kuchagua kulia likaacha kushoto. Ukiona limechagua upande ujue kuna kitu kinalilaza au kinalivuta.

Sasa kulia kuisha kidogo kuzidi kushoto ni kawaida kwetu. Sisi tunaendesha kushoto na lami nyingi zimeinuka katikati ili maji yashuke pembeni, kwa hiyo pikipiki imesimama wima lakini barabara chini yake imeinama kuelekea kushoto, tairi linagusa zaidi upande wa kulia. Lakini hiyo ni tofauti ya kidogo ya kuitafuta kwa macho, sio ya kwako ya upande mmoja kipara mwingine mpya.

Umesema galoni mbili ila hujasema unazifungaje. Kama moja iko kulia na nyingine kushoto, na ya kulia unaiuza kwanza njiani, basi safari iliyobaki galoni la kushoto linaning'inia peke yake, na mzigo ukivuta kushoto wewe bila kujua unailaza pikipiki kulia ili isikuangushe. Piga hesabu, lita ishirini ni kilo ishirini na kitu, kila siku, miezi yote hiyo. Wiki moja hivi jaribu kupunguza maziwa galoni zote mbili kwa pamoja, au linalobaki ulifunge katikati ya keria.

Halafu pima tairi la nyuma kama limenyooka na la mbele, hii unafanya mwenyewe nyumbani. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, usukani unyooke. Chukua uzi mrefu wa mafundi ujenzi, uzungushe nyuma ya tairi la nyuma kwa chini, usiguse stendi, ncha zote mbili zilete mbele kulia na kushoto mpaka zipite tairi la mbele, vuta taratibu mpaka kila uzi uguse tairi la nyuma kingo ya nyuma na kingo ya mbele. Tairi la mbele ni jembamba kwa hiyo uzi hautaligusa, utabaki upenyo. Upenyo ukiwa sawa pande zote uko salama. Kama kulia kidole kinaingia na kushoto hakiingii, basi siku mlipokaza cheni mlivuta upande mmoja zaidi, na pikipiki imekua inatembea mshazari kama kaa. Legeza nati ya ekseli, rekebisha zile nati ndogo za nyuma za kuvutia cheni, pima tena na uzi. Zile alama zilizochongwa kwenye swingi amu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, zinasaidia ila usiziamini asilimia mia hasa kama pikipiki ilishawahi kuanguka.

Uzi ukiwa sawa na bado linaisha hivyo, shika tairi kwa juu uliyumbishe kulia na kushoto. Ukisikia kacha kacha ni bushi za swingi amu au beringi. Mwisho gonga spoku moja moja na spana ndogo, iliyokazwa inalia ting, iliyolegea inalia tok kama unagonga mti mbichi, zikiwa nyingi za tok rimu lako linacheza. Hapo ndo mpelekee fundi, na usimwambie habari za feki.

Habari za kazi fundi, mimi ni mwalimu hapa Dodoma, nimenunua pikipiki kwa mtu, naiendesha kwenda shule na kurudi tu. Tairi zina kashata nzuri kabisa lakini fundi anasema zote nibadilishe sababu zina nyufa nyufa pembeni. Naona kama ananipiga hela. – Mwalimu wa kike

Nzuri mwalimu. Hakupigi. Mpira unazeeka hata ukikaa tu, na jua la hapo kwenu unalijua mwenyewe. Tafuta pembeni ya tairi maandishi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1415 maana yake lilitengenezwa wiki ya 14 mwaka 2015, kwa hiyo kuna wanafunzi wako ni wadogo kwa hilo tairi. Na ukienda kununua soma namba hiyo hiyo kabla hujatoa pesa, kuna "jipya" limekaa stoo miaka mingi na karatasi bado linayo. Angalia pia mshale pembeni, uelekee linakozunguka ukienda mbele.

Ukishaweka mapya nunua geji yako ya upepo, ni kitu kidogo cha kukaa mfukoni. Pikipiki nyingi za huku kwetu kitabu kinataka kama psi 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukibeba mtu, ila soma cha kwako maana zinatofautiana. Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi likishapata moto upepo unapanda na geji itakudanganya. Wale wanaominya kwa kidole gumba na kusema "uko poa" waheshimu kwa salamu tu.

Oya fundi vipi, bodaboda Morogoro hapa. Tairi la nyuma limekua kipara, kuna jamaa kijiweni anachonga kashata upya kwa kisu cha moto bei chee, ivi inafaa nisogeze siku nipate hesabu ya bosi? Alafu mbona langu haliwahi kumaliza muda kama la wenzangu.

Poa. Haifai. Kashata ikiisha mpira uliobaki hapo ni mwembamba, chini yake ni nyuzi, jamaa akichonga anakata kinachokulinda. Pancha utakazoziba mwezi huo zitakula hiyo chee yote, na hiyo ni kama halijapasuka ukiwa na abiria.

La kuisha haraka nitakuuliza swali moja, mshikaki, yaani abiria wawili kwa mpigo, unabeba? Tairi la 3.00-17 lenye maandishi 50P mwisho wake ni kilo 190 tu, hiyo ndo maana ya hiyo 50. We kilo sabini, abiria wawili mia na arobaini, jumla 210, na uzito wa watu wa nyuma karibu wote unakaa tairi la nyuma, jumlisha na nusu ya pikipiki yenyewe. Ushapita hapo. Achana hata na trafiki, ni tairi lenyewe linakukatalia. Na ile tabia ya kuondoka kwa fujo mkiona abiria ng'ambo, kila siku unaacha mpira kwenye lami.

Fundi naomba kujua, oili chafu ya injini kupaka kwenye cheni ni sawa? Na cheni inatakiwa ilegee kiasi gani? – Msomaji, Tanga

Oili chafu ina vumbi la chuma lililosagika kwenye injini, unaipaka cheni msasa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, petroli acha, futa na kitambaa, iache ikauke, halafu paka oili nzito ya giaboksi, ile SAE 90, matone kwenye maungio sio kumwagia, kisha futa ya juu juu isishike mchanga. Kwenu pwani chumvi inakula chuma haraka, ukinyeshewa usisubiri jumapili.

Kulegea, sukuma cheni katikati juu na chini, icheze kama sentimita mbili mpaka tatu, lakini zungusha tairi upime sehemu kadhaa maana cheni haiishi sawasawa, kaza kwa kufuata pale ilipobana zaidi. Ikibana sana ukikaa na abiria itavutika, itakula beringi na sproketi.

Na injini iwe imezimwa. Mimi kidole changu cha kati mkono wa kushoto hakina kucha tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji, niliwasha pikipiki nikaweka gia ya kwanza ili cheni ijizungushe yenyewe nikiwa nafuta na tambara, tambara likaingia na kidole kikafuata. Zungusha tairi kwa mkono.