Maswali ya Wasomaji: Je, Kompyuta Hurudisha Tu Kile Ilichopewa?

Swali: Ndugu Mhariri, nasoma fizikia chuo kikuu, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu ametueleza kwamba watafiti wa maada laini, yaani vitu kama maziwa, rangi za ukutani, jeli na damu, hutegemea sana uigaji wa kompyuta. Jambo hili linanitatiza, kwa sababu kanuni za mwendo wa chembe huandikwa na mtafiti mwenyewe, na kompyuta huzifuata tu. Inawezaje basi kutufundisha jambo ambalo hatukuliweka ndani yake? Na je, tuyaamini majibu yake?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu msomaji, shaka yako ni ya haki, na wanafizikia wakubwa wa miaka ya 1950 walikuwa nayo pia. Nitakujibu kwa kisa kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa fani hii angepaswa kukijua.

Mwaka 1957, Berni Alder na Thomas Wainwright wa maabara ya Livermore, California, walifuatilia kwa kompyuta mwendo wa matufe magumu, ambayo hayakuzidi mamia machache. Kanuni waliyoiwekea kompyuta ilikuwa nyepesi kupita kiasi: matufe hayavutani kamwe, na hakuna tufe linaloweza kuingia ndani ya jingine. Wakati huohuo, William Wood na Jack Jacobson wa maabara ya Los Alamos walilichunguza tatizo hilo kwa njia ya Monte Carlo, ambayo husogeza chembe kwa bahati nasibu. Makundi yote mawili yaliona kwamba matufe yakibanwa vya kutosha huacha vurugu ya kimiminika na kujipanga kuwa fuwele. Wengi hawakukubali, kwani walishika kwamba kitu hakiwezi kuganda pasipo nguvu ya mvutano. Mwanafizikia George Uhlenbeck alipowataka washiriki wa mkutano mmoja wa wakati huo wapige kura kuhusu jambo hilo, waligawanyika karibu nusu kwa nusu.

Sababu ya matufe kujipanga ni hii. Machungwa ya ukubwa sawa yakimwagwa ovyo ndani ya tenga hujaza takriban asilimia 64 ya nafasi, lakini yakipangwa safu juu ya safu, kama wauzaji wanavyoyapanga sokoni, yanaweza kufikia asilimia 74. Kwa hiyo, katika ujazo uleule mdogo, mpangilio huiachia kila chembe nafasi kubwa zaidi ya kutikisika, na hivyo entropia, yaani kipimo cha wingi wa namna ambazo chembe zinaweza kukaa, ambayo tumezoea kuihusisha na vurugu, ndiyo inayoleta mpangilio. Hakuna aliyeiandikia kompyuta neno lolote kuhusu fuwele. Tokeo hilo lilikuwa limejificha ndani ya kanuni, na akili ya binadamu peke yake haikuweza kulitoa humo.

Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba kuganda huanza matufe yanapojaza asilimia 49.4 ya nafasi, na kwamba yakifikia asilimia 54.5 yote huwa fuwele. Mwaka 1986, Peter Pusey na William van Megen walitumia chembe za plastiki, ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, zilizoelea ndani ya kimiminika, wakaona mfuatano uleule: kimiminika, mchanganyiko, kisha fuwele zinazometameta.

Hata hivyo, usiiamini kompyuta kwa kila jambo. Mwaka 2001, Stefan Auer na Daan Frenkel walikokotoa kasi ya kuzaliwa kwa fuwele za kwanza katika matufe hayohayo, na palipo na msongamano mdogo, kasi waliyoipata ilitofautiana na vipimo vya maabara kwa zaidi ya mara milioni. Mjadala wa chanzo cha tofauti hiyo umeendelea kwa miaka mingi. Mimi nauona kuwa ushahidi kwamba uigaji ni kazi ya kweli ya sayansi, maana jibu lililopachikwa tangu mwanzo lisingeweza kutushangaza kiasi hicho.

Kuhusu rangi na jeli, ugumu mkubwa ni muda. Ukifuata kila atomi, hatua moja ya hesabu huwakilisha mwendo wa takriban sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde, ilhali minyororo mirefu ya polima, yaani molekuli ndefu zilizomo ndani ya vitu hivyo, husogea polepole mno. Ndiyo maana Kurt Kremer na Gary Grest, katika kazi yao ya mwaka 1990, waliwakilisha mnyororo kwa shanga zilizounganishwa kwa springi, na kila shanga ikabeba atomi nyingi. Kwa njia hiyo waliona dalili za wazi kwamba minyororo iliyosongamana hutambaa kwa kufuata urefu wake wenyewe, kama Pierre-Gilles de Gennes alivyokuwa amependekeza mwaka 1971.

Kazi ya mwaka 1957 unaweza kuirudia kwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Andika programu yako mwenyewe ya Monte Carlo yenye matufe mia moja hivi, ongeza msongamano kidogo kidogo, na upime shinikizo katika kila hatua. Ukiisha kuielewa, pakua LAMMPS, programu ya kuiga mwendo wa chembe ambayo hutolewa bure, kisha ulinganishe majibu ya programu hizo mbili kabla ya kugusa polima.