Swichi inasema nusu, seva inasema kamili

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nimekabidhiwa mtandao wenye swichi moja ya Cisco Catalyst ya poti 48. Seva ya kuhifadhia nakala imechomekwa poti ya 7. Ping inakwenda vizuri, haipotezi pakiti hata moja, lakini kukopi faili kubwa ni mateso: inaanza kwa nguvu kisha inadorora hadi megabiti mbili tatu kwa sekunde. Nimeingia kwenye swichi nikaandika `show interfaces status`, nikakuta hivi:

`Gi1/0/7   seva-nakala   connected   20   a-half   a-100   10/100/1000BaseTX`

Kwenye seva, ambayo ni Linux, `ethtool eth0` inasema `Speed: 100Mb/s` na `Duplex: Full`. Nimwamini nani? Nitajuaje kama poti nyingine 47 ni nzima? Halafu aliyenitangulia alikuwa na kawaida ya kufunga kasi kwa mkono kila mahali. Niendelee nayo?

JIBU

Salama, ndugu. Waamini wote wawili. Swichi inakueleza ilichoamua yenyewe, na seva vivyo hivyo; hakuna inayojua mwenzake ameamua nini. Ndiyo maana kusoma upande mmoja wa kebo hakutoshi, hata kama upande huo ni swichi ya bei mbaya.

Tuanze na ile herufi ndogo, `a-`. Kwenye Cisco maana yake ni kwamba thamani imepatikana kwa otomatiki, haikuandikwa na mtu. Poti iliyofungwa kwa mkono huonyesha `full` na `100` kavukavu. Poti isiyochomekwa kitu huonyesha `auto` na `auto`, na hilo usilihesabu kuwa jibu, ni mpangilio tu: poti inasubiri wa kuzungumza naye. Kwa hiyo mstari wako unasomeka hivi: poti ya 7 iko kwenye otomatiki, imesikiliza upande wa pili, ikaangukia megabiti 100 na nusu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Lakini seva ina uwezo wa dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa pamoja, na inasema inaitumia. Iweje swichi itoke na nusu?

Ni kwa sababu seva ilinyamaza. Poti mbili zinapojadiliana, kila moja hutuma mafungu ya mapigo mafupi ya umeme, na ndani ya mapigo hayo mna neno la biti 16 linalotaja kasi na dupleksi inazoziweza. Kila upande husoma orodha ya mwenzake, kisha zote mbili huchagua kilicho bora miongoni mwa vile zinavyoviweza zote. Utaratibu huo uliingia kwenye kiwango cha IEEE 802.3u mwaka 1995. Sasa mtu akiifunga seva kwa mkono kwenye 100 na dupleksi kamili, kadi yake kwa kawaida huacha kabisa kutuma hayo mapigo. Swichi inabaki ikiongea peke yake. Kasi itaitambua, maana ishara ya megabiti 100 ina umbo lake kwenye waya na ya megabiti 10 ina lake. Dupleksi haina umbo. Hakuna chochote kwenye waya kinachoonyesha kwamba huyu ni kamili au nusu. Kiwango kinaagiza kwamba hali ikiwa hivyo poti ichukue nusu, na swichi yako imetii tu.

Nakubashiria: rudi kwenye seva, soma matokeo yote ya `ethtool eth0`, shuka hadi mstari wa `Auto-negotiation`. Utakuta `off`.

Kuhusu ping kukudanganya, fikiria redio koli. Nusu dupleksi ni kuongea kwa zamu, na anayeongea akisikia mwenzake ameingilia, hunyamaza na kujaribu tena baadaye. Dupleksi kamili ni kuongea na kusikiliza kwa pamoja, bila zamu. Ping hutuma pakiti moja, hungoja, hupokea moja. Waya hauna msongamano, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kukopi faili ni habari nyingine: data inaenda upande huu na uthibitisho wa TCP, itifaki inayohakikisha data imefika, unarudi upande ule, muda wote. Swichi yako iko katikati ya kutuma fremu, yaani fungu moja la data, mara seva inaanza kutuma yake kwa sababu haijui habari ya zamu. Swichi inaona mgongano, inakatisha. Seva inapokea kipande cha fremu, hesabu ya CRC, ile ya kukagua kama fremu imefika nzima, haikubali, inakitupa. Fremu ya seva nayo imepotea. TCP inagundua pengo, inapunguza mwendo, inatuma upya. Ndiyo hizo megabiti mbili tatu zako.

Ushahidi uko kwenye kaunta za makosa, na hizi mimi naziamini kuliko safu ya kasi na dupleksi. Kwenye swichi:

`show interfaces Gi1/0/7 counters errors`

Tazama safu ya `Late-Col`, yaani migongano ya kuchelewa. Kwenye nusu dupleksi halali mgongano unatakiwa kutokea ndani ya baiti 64 za mwanzo za fremu. Ukitokea baada ya hapo, ama kebo ni ndefu kupita kiasi, ama kuna kifaa kibovu, ama upande wa pili hauheshimu zamu. Kwenye seva andika `ip -s -s link show eth0` uangalie namba iliyo chini ya `crc`. Migongano ya kuchelewa upande wa nusu, makosa ya CRC upande wa kamili: picha hiyo ukiiona huna haja ya kutafuta zaidi. Lakini CRC zikipanda huku pande zote mbili zikiwa kamili na bila mgongano hata mmoja, acha habari ya dupleksi, shika kebo.

Nasema haya kwa sababu yaliwahi kunikuta. Ofisi moja niliyoitwa ilikuwa na tatizo kama lako, nami nikabadilisha kebo tatu na kadi moja ya mtandao kabla sijafungua hizo kaunta. Nilipozifungua, `Late-Col` ilikuwa na namba ya tarakimu tano. Nikazifuta kwa `clear counters`, nikamwambia jamaa aanze kukopi faili, nikawa narudia amri kila baada ya sekunde chache: sifuri, arobaini, mia na kitu, mia tatu. Akasimamisha kukopi, namba ikaganda. Akaanza tena, ikaendelea kupanda. Kebo zangu tatu zilikuwa nzima zote.

Kuhusu kufuta kaunta, fanya hivyo kila mara kabla ya kupima. Kaunta hukusanya tangu swichi iwashwe au tangu zilipofutwa mara ya mwisho, na namba kubwa ya makosa inaweza kuwa ni ya tatizo lililokwisha miezi sita iliyopita. Unachotafuta ni namba inayopanda sasa hivi.

Tiba ni kurudisha otomatiki pande zote mbili. Kwenye seva:

`ethtool -s eth0 autoneg on`

Kwenye swichi, ndani ya mpangilio wa poti, `speed auto` na `duplex auto`. Poti itazima na kuwaka tena, sekunde chache hivi, kwa hiyo usifanye wakati nakala zinaandikwa. Kama umeingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, ukipitia poti hiyohiyo, uwe na njia nyingine ya kuifikia endapo utakosea. Jambo jingine: badiliko la `ethtool` hufutika seva ikizimwa na kuwashwa. Aliyeifunga mwanzo aliiandika mahali, kwenye mpangilio wa NetworkManager au kwenye hati ya kuwashia mashine. Tafuta mahali hapo ufute, la sivyo mtakutana tena.

Baada ya hapo mstari wa poti ya 7 unatakiwa usome `a-full` na `a-1000`. Ukisoma `a-full` na `a-100`, dupleksi imepona lakini kuna jambo jingine, nalo linatupeleka kwenye hizo poti 47.

Usizisome moja moja. Anza na hii:

`show interfaces status | include half`

Chochote kitakachotokea hapo kina haja ya kuelezwa. Kifaa cha leo hakina sababu ya kutumia nusu dupleksi, ukiondoa vifaa vya zamani sana vya megabiti 10, labda mashine fulani ya mahudhurio au printa iliyosahaulika. Kisha ondoa zilizo nzima:

`show interfaces status | exclude a-1000|notconnect`

Hapa utabaki na poti za `a-100`, na hizi zinataka subira kwa sababu 100 moja ina visa vingi. Kisa ninachokikuta zaidi ni waya. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za kebo, pini 1 na 2 pamoja na 3 na 6. Gigabiti hutaka jozi zote nne. Majadiliano yenyewe hupita kwenye zile jozi mbili za kwanza, kwa hiyo jozi ya buluu au ya kahawia ikiwa imekatika, poti zitakubaliana gigabiti vizuri kabisa kisha zishindwe kuiwasha. Vifaa vingine hushuka vyenyewe hadi 100 bila kulalamika. Vingine huwaka na kuzima bila kutulia. Kwa hiyo ukiona `a-100` ambapo pande zote mbili zina uwezo wa gigabiti, chukua plagi ya RJ45 uitazame mwangani: nyaya zote nane zimefika mwisho? Miguu ya shaba imezama? Swichi nyingi za Catalyst zina kipimo cha ndani pia, `test cable-diagnostics tdr interface Gi1/0/19`, ukisubiri kidogo kisha ukaandika `show cable-diagnostics tdr interface Gi1/0/19` utaona ni jozi ipi imekatika na takribani umbali wa mita ngapi. Kipimo hicho huweza kukata mawasiliano kwa muda, usikiendeshe mchana kwenye poti ya mtu anayefanya kazi.

Kisa kingine ni simu ya mezani ya IP. Kompyuta imechomekwa kwenye simu, simu imechomekwa ukutani, na simu yenyewe ni ya megabiti 100. Hapo swichi inazungumza na simu, kompyuta haioni kabisa. Unaweza kubadilisha kebo hadi kesho.

Na ukichungulia usiku ukaona kompyuta ya mtu kwenye `a-10` au `a-100` wakati mchana ilikuwa `a-1000`, mwache alale. Mashine nyingi zikizimwa huku zimeruhusiwa kuamshwa kupitia mtandao hushusha kasi ili zitumie umeme kidogo.

Siku ukikutana na swichi za wengine, amri hubadilika lakini swali ni lilelile. HP za ProCurve huandika `1000FDx` au `100HDx` kwenye `show interfaces brief`. MikroTik ni `/interface ethernet monitor ether7 once`, nayo ni ya kupendeza kwa sababu inakuonyesha pia upande wa pili umetangaza nini. Ukikuta hapo patupu ilhali poti imewaka, jua kuna aliyefungwa kwa mkono. Juniper hukupa habari hiyohiyo ukiandika `show interfaces ge-0/0/7 extensive`, chini ya `Autonegotiation information`. Windows hujibu `Get-NetAdapter | Select Name, LinkSpeed, FullDuplex`. Swichi zikiwa nyingi, tumia SNMP, itifaki ya kuviuliza vifaa hali zao kwa mbali: `ifHighSpeed` hutoa kasi kwa megabiti, na `dot3StatsDuplexStatus` hutoa 2 kwa nusu na 3 kwa kamili. Usitumie `ifSpeed` ya zamani kwenye poti za gigabiti 10, namba yake huishia 4294967295 haiendi mbele.

Sasa mazoea ya aliyekutangulia. Yana asili yake. Miaka ya mwanzo ya otomatiki vifaa vingi vilijadiliana vibaya, na mafundi wa wakati ule wakajifunza kufunga kila kitu kwa mkono, wakafundisha na wanafunzi wao. Gigabiti ya waya wa shaba ilipokuja mwaka 1999 ilifanya majadiliano kuwa ya lazima, kwa sababu pande mbili zinahitaji pia kuamua nani ataongoza saa na nani ataifuata. Kufunga kwa mkono leo ni kujitengenezea tatizo la poti ya 7 mara arobaini na nane. Kama una sababu ya kuzuia poti isipite 100, punguza inachotangaza badala ya kuinyamazisha: `speed auto 100` kwenye Catalyst zinazoikubali, au `ethtool -s eth0 advertise 0x008` kwenye Linux. Upande wa pili utasikia na kukubali, na dupleksi itabaki kamili.

Kuna hali moja tu ninapofunga kwa mkono: upande wa pili si wangu na umefungwa tayari, kwa mfano kifaa cha mtoa huduma wa intaneti anayesema kwa maandishi kwamba poti yake ni 100, dupleksi kamili, bila majadiliano. Hapo nafunga yangu vilevile, kasi na dupleksi zote mbili. Kisha naandika kwenye `description` ya poti hiyo nani aliomba na lini, kwa sababu siku watakapoleta kifaa kipya chenye otomatiki, nusu dupleksi itakuwa upande wao, na swichi yangu itaendelea kuonyesha `full` bila wasiwasi wowote.